Kabla Hujamfumia Mtu Shali, Ujue Nani Ataifua

Jumapili iliyopita dada mmoja anayenisoma alinitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Nataka kumfumia mama mkwe shali kabla ya sikukuu. Ninunue madonge mangapi ya uzi?" Nilikuwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama, mkono mmoja juu kwenye bomba. Nikaandika "manne", nikafuta. Swali hilohilo ndilo nililoanza nalo mimi, na lilinigharimu miezi minne ya kukesha na mazoea mazuri niliyokuwa nayo na wifi yangu.

Mimi ni mtoto wa Njombe. Kwetu sweta si urembo; Juni na Julai ukitoka nje asubuhi unaiona pumzi yako mwenyewe. Mama alinifundisha kufuma kwa spoku mbili za baiskeli alizozinoa ncha kwenye jiwe, na mpaka nahamia Dar nilikuwa sijashika sindano ya dukani. Dar nikaacha. Februari ya hapa mikono inatoa jasho mpaka uzi unagoma kupita kwenye sindano. Nilirudia kufuma mwaka ambao wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alipata mchumba. Nikasema huyu simpi vyombo. Sufuria na mashuka atapewa na ukumbi mzima, mimi nitampa kitu kilichotoka mikononi mwangu.

Uzi niliupata Karume, kwenye mitumba. Sweta za sufu zinakuja humo na watu wanazipita kwa sababu ya joto letu. Ukitaka kuzifumua, pindua sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukingo ukiwa umekatwa na kupigwa ovaloki, iache, kila mstari utakutokea kipande kifupi. Zikiwa kingo mbili nzima zimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo, chukua, hiyo inafumuka uzi mrefu usiokatika. Na usimwamini muuzaji akikwambia ni sufu. Chomoa kipande, washa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Uzi wa plastiki unayeyuka na kuacha punje ngumu. Pamba inanuka karatasi. Mimi nilipata sweta mbili za rangi ya maziwa, nikazifumua, nikaufua uzi, nikauanika ukiwa umening'inizwa chupa ya maji chini ili ule msokoto wake unyooke.

Nilifuma miezi minne. Shali ya matundu, muundo wa majani, kila jani vitanzi saba. Nilipomaliza niliilowesha, nikaikamua ndani ya taulo, nikaitandaza juu ya godoro na kuivuta kwa pini pande zote tatu. Ilipokauka matundu yote yalifunguka. Mume wangu alisimama mlangoni akaniuliza kama kweli nimeifanya mimi. Nakumbuka furaha ile mpaka leo.

Siku ya send-off niliiweka ndani ya boksi, nikafunga kwa utepe, boksi likaenda kwenye meza na mengine. Sikumwambia neno. Niliona kazi itajieleza.

Haikupita mwaka nikaenda kumtembelea. Akapakua wali, akaleta sufuria mezani, na chini ya sufuria kulikuwa na kitu kigumu, kinene, cha rangi ya maziwa, ukubwa wa sinia. Nilikitambua kwa jani moja lililokuwa bado linaonekana pembeni. Akaniona ninavyokitazama. Akasema, "Kile kitambaa chako wifi, kilisinyaa kwenye mashine."

Kitambaa.

Nilikula ule wali. Sikusema kitu, na nadhani hata leo hajui. Alikuwa ameifua kwa maji ya moto pamoja na mashuka. Unyoya wa sufu una magamba madogo mno usiyoyaona kwa macho. Ukiuweka kwenye maji ya moto na kuusugua, magamba yanashikana na hayaachani tena. Hakuna dawa. Kwa muda mrefu nilimlaumu yeye. Sasa najua kwamba nilimpa mtu wa Sinza, mwenye mashine ya kufulia na mji wenye joto la kukausha kanga nusu saa, kitu kinachotaka maji baridi na kukaushwa kikiwa kimelazwa, na sikumweleza. Sijui kama hilo linanitoa uchungu wote. Halijautoa.

Shali ya pili nilimfumia Mama, mwaka huu. Safari hii nilianza na Mama mwenyewe kabla ya uzi. Nani anamfulia? Binti wa jirani, kwa beseni, kwa sabuni ya unga, halafu anaanika kwenye waya juani. Basi sufu ikaondoka hapohapo. Nikashuka Kariakoo nikanunua uzi wa plastiki, ule wa kawaida wa sweta, rangi ya zambarau. Wapo wanaoudharau uzi huu. Mimi nasema uzi unaovumilia beseni la mama yako ndio uzi wa mama yako. Ila usiuguse kwa pasi, unalegea na haurudi.

Na hapa nimjibu dada yangu kuhusu madonge, kwa sababu nilikosea. Shali ya pembetatu unaianzia shingoni kwa vitanzi vitatu tu, unaongeza vinne kila baada ya mstari mmoja, viwili kingoni na viwili katikati. Inakwenda haraka mwanzoni na inakupa moyo. Nilipofika nusu ya urefu niliotaka, nilikuwa nimetumia donge moja. Nikafurahi, nikaona madonge mawili yatatosha. Si kweli! Ukifika nusu ya urefu umetumia robo ya uzi. Mistari ya mwisho ni mirefu kupita kiasi na ndiyo inayokula kila kitu. Niliporudi dukani kuongeza mawili, zambarau ile ilikuwa imeisha. Iliyokuwepo ilikuwa zambarau nyingine, imeiva zaidi. Kwenye karatasi ya donge kuna namba ya rangi, na kuna namba nyingine ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja. Namba ya rangi ilikuwa ileile, ya mkupuo hapana. Nikazichanganya, mistari miwili ya zamani, miwili ya mpya, mpaka chini, na watu wanadhani nilipanga.

Jingine ni uzi wa akiba. Kila mistari ishirini pitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote uuache hapo. Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa nimesinzia na sindano mkononi, nikashtuka, vitanzi kama thelathini vikachomoka gizani. Nisingekuwa na ule uzi ningefumua mpaka shingoni. Nilirudi mistari sita tu.

Nilipanda basi mwenyewe kutoka Mbezi Louis. Sikuituma kwa kondakta na sikuifunga kwenye boksi. Mama alikuwa amekaa jikoni, moto unawaka. Nikamwekea mabegani. Hakusema asante. Aliivua, akaileta karibu na moto, akaanza kupitisha kidole gumba kwenye vitanzi, mstari kwa mstari, kama anasoma. Akafika mahali akasimama. Akarudi nyuma, akaigusa tena.

"Hapa ulikuwa umechoka," akasema.

Palikuwa pale pale. Mistari sita niliyoirudia, vitanzi vimelegea kidogo. Mimi mwenyewe sikuwa napaona.

Nililia, na sioni aibu kusema. Miezi minne ya wifi yangu haikupata mtu wa kuisoma hata mstari mmoja, na Mama aliuona uchovu wa usiku mmoja kwa kidole. Ndiyo maana nawaambia, jamani, tusiwe wavivu wa kuwajua watu wetu. Siku hizi tunatuma pesa kwa simu, tunachangia kwenye kundi, jina linaandikwa kwenye orodha, tunaona tumependa. Kufuma nako kunaweza kuwa hivyohivyo. Unaweza kumfumia mtu mwaka mzima na usimfikirie yeye hata siku moja, unafikiria utakavyosifiwa. Mimi nilifikiria hivyo. Nenda kwake kwanza. Tazama kamba yake ya nguo. Uliza maji anayofulia. Na ukimpa, mpe mkononi, mwambie jinsi ya kuifua, na mwambie hata akiwa mama mkwe. Hawezi kukasirika kwa hilo.

Kwa hiyo dada, jibu lako: mama mkwe akiwa anaishi hapa Dar, chukua pamba na uifume nyepesi. Akiwa wa milimani, kama ni mtu wa kufuliwa kwa beseni, uzi wa plastiki madonge manne ya gramu 100, mkupuo mmoja, na la tano kama una nafasi ya kulirudisha. Kagua namba dukani kabla hujalipa.

Mimi Jumamosi nashuka tena Kariakoo. Mama alipiga simu juzi, saa kumi na mbili asubuhi, kunijulisha kwamba rafiki yake wa kanisani anataka ya kijivu. Ameshampima mabega kwa kanga. Na ameuliza kwa niaba yangu. Yule mama anafuliwa na mjukuu, maji baridi, anaanika ndani.