Maswali ya Wasomaji: Timu Inayojengwa Upya Inaweza Kuwashangaza Wachambuzi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu anaishi Chicago, nchini Marekani, na ndiye aliyenifundisha kufuatilia mpira wa magongo unaochezwa barafuni. Timu anayoishabikia, Chicago Blackhawks, ilimaliza msimu wa 2024/25 ikiwa ya pili kutoka mkiani kati ya timu 32, na wachambuzi karibu wote wanaiweka huko huko kwa msimu huu wa 2025/26. Kaka anashikilia kuwa safari hii watawashangaza watu. Mimi nimezoea Ligi Kuu yetu, na naona timu ya namna hiyo ingekuwa inahangaika isishuke daraja. Je, timu inayojengwa upya inaweza kweli kupita matarajio madogo inayowekewa? – Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Inaweza, ndugu msomaji, na mifano ya miaka ya karibuni haikosekani. Kaka yako ana haki ya kutumaini. Ninachowaomba nyote wawili ni kutenganisha mambo mawili ambayo mashabiki huyachanganya kila mwaka ifikapo Oktoba: kupata pointi nyingi kuliko ulizokadiriwa, na kujengeka. Timu inaweza kupata la kwanza bila la pili, na msimu unaofuata ikarudi pale pale.

Tuanze na hilo la kushuka daraja, maana ndipo wengi wetu tunapopotea. Dodoma Jiji ikianza ligi vibaya, uongozi hauwezi kuwaambia mashabiki wa Uwanja wa Jamhuri wavumilie misimu mitatu ili vijana wakomae, kwa sababu timu za mkiani zinashuka na hakuna anayejua zitarudi lini. Ligi ya NHL, yaani ile ligi ya mpira wa magongo wa barafuni anayoifuatilia kaka yako, haina kushuka. Anayeshika mkia hubaki kwenye ligi, tena hupewa nafasi za mbele katika uteuzi wa vijana wapya unaofanyika kila mwaka. Aidha, tangu mwaka 2005 klabu zote zimewekewa ukomo wa mishahara, ambao kwa msimu wa 2025/26 ni dola milioni 95.5, kwa hiyo klabu tajiri haiwezi kuwakusanya nyota wote peke yake. Katika mazingira hayo klabu inaweza kuamua kwa makusudi kuachana na wachezaji wake wakubwa, ikakubali kufungwa kwa miaka kadhaa, na kuanza upya na vijana. Chicago ndivyo ilivyofanya. Ilitwaa ubingwa mwaka 2010, 2013 na 2015; mwanzoni mwa 2023 ikamwachia Patrick Kane aende New York Rangers, na msimu ulipoisha nahodha Jonathan Toews naye akaondoka.

Sasa tuwatazame waliowahi kupanda. Colorado Avalanche ilimaliza msimu wa 2016/17 ikiwa na pointi 48 katika mechi 82, matokeo ambayo hata mashabiki wake hawapendi kuyakumbuka. Mwaka uliofuata, chini ya kocha yule yule, Jared Bednar, ilipata pointi 95 na kuingia hatua ya mtoano, na mwaka 2022 ikawa bingwa. New Jersey Devils ilipanda ghafla zaidi, kutoka pointi 63 msimu wa 2021/22 hadi 112 msimu uliofuata. Mechi ya kwanza ya nyumbani ya msimu huo, mashabiki waliimba wakitaka kocha Lindy Ruff afukuzwe. Mwezi mmoja baadaye timu ilikuwa katikati ya mfululizo wa ushindi uliofikia mechi 13, na mashabiki wale wale wakaimba kumwomba kocha radhi. Lakini ukiitazama orodha ya wachezaji, utaona kwamba Nico Hischier alichaguliwa wa kwanza katika uteuzi wa mwaka 2017 na Jack Hughes mwaka 2019. Miaka mitano ya kusubiri ilizaa matunda ndani ya mwaka mmoja, na waliokuwa wakitazama jedwali peke yake wakadhani ni muujiza. Msimu wa tatu timu ikashuka hadi pointi 81, ikakosa mtoano, na Ruff akaondolewa kabla msimu haujaisha.

Mfano ninaoupenda zaidi hauna kishindo kama hicho. Montreal Canadiens ilipata pointi 55 msimu wa 2021/22, kisha 68, kisha 76, na msimu uliopita 91, ikaingia mtoano. Kila mwaka ilipanda kidogo, zaidi ya wachambuzi walivyotabiri, bila kumfukuza kocha wake Martin St. Louis na bila kuharakisha kununua wazee wa kuziba mapengo. Wapo pia wasiopanda upesi: San Jose Sharks ilipata pointi 47, kisha 52, ingawa tayari ilikuwa imempata Macklin Celebrini, kijana aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2024.

Ni kitu gani basi hupandisha timu changa kabla ya wakati wake? Kwa maoni yangu, kwanza ni kipa, na pili ni kipa. Wachambuzi huwapima washambuliaji kwa mabao na pasi, na makadirio yao ya upande huo huwa hayapishani sana na ukweli. Kipa kijana ndiye asiyetabirika. Fanya hesabu hii. Kipa wa kawaida katika NHL huokoa mashuti 90 kati ya 100. Akidaka mechi 60, na kila mechi akapigiwa mashuti 30, hayo ni mashuti 1,800. Akipanda kutoka 90 hadi 91.5 kwa kila 100, kiwango ambacho kwa macho huwezi kukitambua ukiwa umekaa jukwaani, atakuwa amezuia mabao 27. Katika mchezo huu mabao sita huhesabiwa kuwa sawa na ushindi mmoja hivi, na kila ushindi una pointi mbili, kwa hiyo kijana huyo peke yake ameiletea timu yake pointi tisa, ambazo mara nyingi ndizo zinazotenganisha aliyeingia mtoano na aliyebaki akitazama.

Calgary Flames ililiona jambo hilo msimu uliopita. Ilikuwa imemuuza kipa wake mkuu, Jacob Markström, na watu wengi wakaiweka karibu na mkia. Langoni akasimama kijana Dustin Wolf, na timu ikamaliza na pointi 96, sawa kabisa na St. Louis Blues, ikakosa mtoano kwa sababu tu St. Louis ilikuwa na ushindi mwingi zaidi uliopatikana ndani ya dakika 60 za kawaida. Ilipita makadirio kwa mbali, na bado ikabaki nje.

Kisa cha Philadelphia Flyers kinauma zaidi. Klabu hiyo ilitangaza yenyewe mwaka 2023 kwamba inajengwa upya, lakini kwa sehemu kubwa ya msimu wa 2023/24 ikawa ndani ya nafasi za mtoano. Kisha, kuelekea mwisho, ikacheza mechi nane bila ushindi. Usiku wa mwisho, Aprili 16, 2024, ilihitaji kuifunga Washington ndani ya muda wa kawaida. Matokeo yakiwa 1-1 na zikibaki dakika chache, kocha John Tortorella alimtoa kipa ili aingize mshambuliaji wa sita, maana sare haikuwa na faida yoyote kwake. Washington wakakinasa kile kisahani cha raba kinachotumika badala ya mpira, T.J. Oshie akakisukuma kwenye goli tupu, na pale pale Washington ikafuzu. Vijana wa Philadelphia walikuwa wametumia nguvu zao zote hadi Machi, na kikosi kifupi kisicho na wazoefu wa kutosha hakikuwa na akiba ya Aprili.

Nikirudi kwa Chicago, ninaona sababu za kuamini kwamba itapita pointi 61 za msimu uliopita. Connor Bedard, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2023, anaingia msimu wake wa tatu akiwa na miaka 20. Frank Nazar ameonyesha kasi ambayo timu haikuwa nayo, na klabu imemwongezea mkataba wa miaka saba. Nyuma kuna mabeki vijana kama Artyom Levshunov na Sam Rinzel, ambao watafanya makosa mengi, lakini wana uwezo wa kukitoa kisahani katika eneo lao wenyewe bila kukibutua ovyo. Kocha ni mpya, Jeff Blashill. Na langoni yupo Spencer Knight, aliyeletwa kutoka Florida Machi 2025 katika mabadilishano yaliyompeleka beki Seth Jones huko. Kwa hesabu niliyoifanya hapo juu, huyo ndiye ningemtazama kabla ya Bedard. Kufika mtoano, hata hivyo, sioni. Kundi lao lina Colorado, Dallas na Winnipeg, na kutoka 61 hadi zaidi ya 90 ni mlima ambao New Jersey iliupanda ikiwa na vijana waliokwisha kukomaa.

SWALI: Nimesoma kwamba timu mbaya hupewa kijana bora. Kama ndivyo, si afadhali timu inayojengwa upya ifungwe tu mwaka mwingine kuliko kujitutumua na kuishia katikati ya jedwali? – Msomaji, Manyoni, Singida

JIBU: Hoja hii ina watetezi wengi, na mimi si mmoja wao. Kwanza, mkia hauhakikishi nafasi ya kwanza, kwa sababu nafasi hiyo hupatikana kwa droo. Mwaka 2023 Chicago ilimpata Bedard ingawa timu mbili zilikuwa chini yake. Mwaka 2025 droo ikaangukia New York Islanders, waliokuwa na uwezekano wa asilimia 3.5 tu, San Jose walioshika mkia wakachagua wa pili, na Chicago wa tatu.

Pili, na hili ndilo linalonigusa, kijana anayefungwa kila wiki hujifunza kufungwa. Watazame Buffalo Sabres. Walichagua wa pili mwaka 2014 na 2015, wakapata Sam Reinhart na Jack Eichel. Wakachagua wa kwanza mwaka 2018 na 2021, wakapata Rasmus Dahlin na Owen Power. Hakuna shabiki ambaye angekataa vijana hao. Hata hivyo, kuanzia 2012 hadi 2025 hawakuingia mtoano hata mara moja, misimu 14 mfululizo. Eichel aliondoka akawa bingwa na Vegas mwaka 2023. Reinhart naye aliondoka, na mwaka 2024 akaifungia Florida bao la ushindi katika mechi ya saba ya fainali. Vipaji vilikuwepo Buffalo. Kilichokosekana ni wazoefu wa kuwaongoza, makocha waliodumu, na mechi zenye maana katika mwezi wa Machi. Timu inayopata pointi 75 badala ya 60 huwapa vijana wake mechi hizo, na thamani yake ni kubwa kuliko kupanda nafasi mbili katika droo ambayo huenda usishinde.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na siwezi kukesha kwa kila mechi. Nitazame nini ili nijue kama timu inapanda kweli au ni bahati ya mwanzo wa msimu? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Usiyaamini matokeo ya Oktoba peke yake. Katika ligi hii anayefungwa kwenye muda wa nyongeza hupata pointi moja, na muda huo huchezwa na wachezaji watatu kwa watatu, ambapo teleza moja ya beki huamua kila kitu. Timu inaweza kukusanya pointi nyingi kwa njia hiyo bila kuwa imara. Tazama mashuti. Ikiwa timu inashinda huku ikipigiwa mashuti mengi kuliko inayopiga, mechi baada ya mechi, basi kipa anaibeba, na siku atakapochoka utaona. Tazama pia nani yupo barafuni katika dakika tatu za mwisho timu ikiongoza kwa bao moja. Kocha akiwaamini Bedard na Nazar katika dakika hizo, kujengwa kunaendelea. Akiwakalisha benchi na kuwaita wazee, ameanza kutafuta pointi za kuokoa kibarua chake.

Mwisho wa Novemba ndipo pa kufanya tathmini ya kwanza. Kwa kawaida takriban robo tatu ya timu zilizo ndani ya nafasi za mtoano wakati huo hubaki humo hadi Aprili. Haizuii maajabu: St. Louis ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima Januari 3, 2019, na Juni ikatwaa ubingwa, nayo ilibebwa na kipa aliyekuwa hajulikani, Jordan Binnington. Lakini kikosi kile kilikuwa cha watu wazima.

Kuhusu usingizi, mechi nyingi za nyumbani za Chicago huanza saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, na kuanzia Novemba, Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma, saa kumi na nusu alfajiri. Ya pili hiyo inawafaa wenye vipindi vya asubuhi. Mechi ya kufungua msimu inafaa hata zaidi, kwa kuwa inaanza saa sita usiku kuamkia Oktoba 8, 2025, ugenini dhidi ya Florida, mabingwa watetezi. Jones atakuwa upande wa wenyeji, na Knight, akipangwa langoni, atakuwa akiwakabili wale wale waliokubali kumwachia.