Kabla hujafungua kava la trena

Wiki iliyopita nilirudi karakana kutoka kufuata cheni, nikamkuta kijana wetu mpya ameshatoa skrubu zote sita za kava la trena, ile mashine ya kufungia baiskeli ukanyage ukiwa ndani bila kwenda popote. Mteja alikuwa ameondoka dakika kumi tu. "Ina kelele, fundi," akaniambia, bisibisi mkononi. Kelele ya wapi? Akaonyesha flaiwili, lile gurudumu zito la trena. Kwa nini pale? "Si ndiyo inazunguka?" Nikamwambia arudishe kava, apandishe baiskeli, tuanze upya. Wadogo zangu, nawapenda na mna mikono mizuri, lakini huyu ni wa tatu kufanya hivi ndani ya karakana moja. Nimeona niandike.

1. Panda mwenyewe. Mteja atakuigizia kelele kwa mdomo, na kila mteja ana "tik-tik" yake. Wewe kanyaga, chukua kasi, halafu tuliza miguu. Kelele ikikoma pale pale, anza kushuku vile vinavyokanyagwa: pedeli, krenki (mikono inayobeba pedeli), cheni, kaseti (rundo la gia za nyuma). Ikiendelea huku flaiwili inajizungukia yenyewe, hapo beringi na mkanda vinahusika. Mkanda uliolegea wakati mwingine haulii mpaka ubebe mzigo, kwa hiyo rudia kwa gia nzito. Kazi yote ni dakika tano.

2. Tikisa kaseti. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii, hapa hapa Dar, dada mmoja aliyekuwa akijiandaa na mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio aliniletea trena yake, ile ya kutoa gurudumu la nyuma, cheni ikakaa kwenye kaseti ya trena yenyewe. Ilikuwa masika, barabara zimejaa maji, na trena ndiyo yalikuwa mazoezi yake yote ya baiskeli. Akasema inagonga. Sikupanda. Niligeuza flaiwili kwa mkono, nikamwambia papo hapo: beringi, dada, jasho na hewa ya chumvi vimezimaliza.

Nikafungua kava, nikatoa mkanda, nikang'oa beringi. Nikaivika moja kidoleni, nikaizungusha. Ilizunguka laini, bila mkwaruzo, bila kucheza. Ile sekunde naikumbuka mpaka leo, maana beringi ilikuwa inaniambia wazi kwamba nimekosea. Ila nilishamwambia mteja ni beringi, na nikaona aibu kurudisha maneno. Nikazibadilisha.

Mpya nikazipigilia kwa nyundo, na soketi niliyoitumia ilikaa kwenye ringi ya ndani. Mnaojua mmeshashika kichwa. Beringi inayoingia kwenye tundu husukumwa kwa ringi ya nje. Ukipiga ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, nazo zinaacha vidonda vidogo kwenye njia zake. Huvioni kwa macho. Utavisikia. Nilipofunga, mlio wa kugonga wa zamani ulikuwepo vile vile, na juu yake kukazaliwa mngurumo ambao haukuwepo trena ilipoingia.

Nilihangaika wiki tatu kupata beringi nyingine za saizi ile, kwa pesa yangu. Siku moja mzee mmoja fundi alipita kuazima pampu. Akaishika kaseti kwa vidole viwili, akaitikisa. Tik. Akaitikisa tena. Tik. Akaniuliza, "Wosha yake iko wapi?"

Kaseti ilikuwa ya gia 9, frihabu (kile kiungo kinachobeba kaseti) ya gia 11. Inatakiwa wosha ya milimita 1.85 nyuma yake. Kaseti ile niliifunga mimi mwenyewe mwezi mmoja kabla, na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ilipiga klik kwenye niutoni-mita 40 nikaridhika. Lakini bila wosha, ringi ya kukazia inafika mwisho wa nyuzi kabla haijaibana kaseti. Spana inakuambia imekaza, na kweli imekaza, ila haijabana kitu. Wosha niliikuta kwenye droo yangu, ndani ya kifuko ilichokuja nacho.

Nilimweleza dada yule kila kitu. Hakugomba. Alisema tu, "Ungeniambia bado hujajua, ningekusubiri." Alikuwa amepoteza wiki tatu za maandalizi. Ndiyo maana siku hizi mteja akiuliza tatizo ni nini kabla sijapanda, namjibu: bado sijajua.

3. Jasho. Linatia kutu. Ukishughulikia trena, kagua na baiskeli iliyokaa juu yake, hasa bolti za usukani na beringi za shingo, halafu mwambie mteja atandike taulo.

4. Adapta. Soma volti kwenye adapta na kwenye trena yenyewe kabla ya kuchomeka. Zipo za volti 12, zipo za 48, na plagi kuingia vizuri hakuthibitishi lolote.

5. Trena "haionekani" kwenye kompyuta. Zima Bluetooth ya simu ya mteja kwanza. Trena nyingi zinakubali kifaa kimoja tu kwa Bluetooth, na simu iliyo mfukoni imeshaidaka. Kuna kijana alishinda na kesi hii tangu asubuhi, mteja amekaa pembeni anasikiliza muziki kwenye simu hiyo hiyo.

6. Namba za wati (nguvu ya kukanyaga) haziaminiki. Kanyaga dakika kumi ipate joto, ndipo ufanye kalibresheni, yaani kurekebisha kipimo chake.

7. Trena za kukandamiza tairi: tairi likiteleza, jaza upepo kwanza, usikimbilie kukaza rola inayoligusa.

Sasa yule kijana. Alipanda, akakanyaga, akatuliza miguu. Kimya. Akakanyaga tena, kelele ikarudi, mara moja kwa kila mzunguko wa krenki. Akashuka mwenyewe bila kuambiwa, akashika pedeli ya kushoto, ikacheza. Akaikaza kwa spana namba 15, akigeuza upande wa kinyume kama inavyotakiwa kwa kushoto, akapanda tena. Kimya kabisa. Mngemuona anavyocheka.

Tulipohesabu skrubu za kava zikawa tano. Ya sita ilikuwa imedondokea ndani, karibu na mkanda, kwa hiyo kava likafunguliwa tena. Safari hii tochi nilishika mimi.