Hesabuni Kuanzia Kifo: Kwa Makarani Wapya wa Takwimu za Wodi

Wadogo zangu, kila kundi jipya hutuletea jedwali lile lile: siku za kitanda, yaani siku ambazo wagonjwa wamelazwa, kwa kila rika, zikazidishwa kwa idadi ya wazee inayotarajiwa mwaka 2050, na chini yake jibu la kutisha la vitanda vitakavyohitajika. Nawapenda, lakini jedwali hilo limenichosha.

1. Umri peke yake hupotosha. Zweifel, Felder na Meiers, katika utafiti wa bima za Uswisi uliochapishwa mwaka 1999, walikuta kwamba gharama za matibabu za miaka miwili ya mwisho hufuata ukaribu wa kifo, si umri. Mtu hufa mara moja. Akiishi miaka 10 zaidi, sehemu kubwa ya kulazwa kwake huahirishwa tu. Kinachokua kweli pamoja na umri ni ulezi wa kumlisha, kumgeuza na kumwosha, ambao kwetu hufanywa na binti au mkaza mwana wala hauingii katika rejista yoyote.

2. Tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari mara nyingi ni ya kukisia, itieni alama.

3. Aliyeruhusiwa msimhesabu kuwa amepona. Niliwahi kuandaa ripoti iliyodai kwamba waliopita miaka 80 walikufa kwa uchache kuliko wenye miaka 60, nikaisoma kwa mbwembwe mbele ya madaktari, na hata nikashauri vitanda vya wazee vipunguzwe. Muuguzi mkuu, mama mtu mzima wa Kibokoni, akafungua faili moja ukurasa wa mwisho: jamaa wametia saini ya kuondoka kinyume cha ushauri wa daktari, na mzee amechukuliwa akiwa bado na mpira wa mkojo. "Huyu, mwanangu, tulimzika kesho yake baada ya alasiri, nawe umempa afya." Faili zilizofuata zilikuwa vivyo hivyo. Wazee wengi walikuwa wamerudishwa wakafie kwao, wakazikwa mara tu walipokufa, na kifo kikaandikishwa kwa naibu wa chifu, huku rejista yetu ikiwaonyesha wazima. Slaidi zilizobaki sikuzionyesha.

4. Kwa hiyo tafuteni tarehe ya kifo kwa jamaa, mkianza kwa kutoa pole, na wala msipige simu kabla ya arubaini kwisha. Ulizeni pia hospitali nyingine alikolazwa, kwa kuwa mgonjwa mmoja huweza kuwa na namba za faili tatu katika hospitali tatu. Kisha hesabuni siku za kitanda za miezi 12 kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo ya kifo, mkitenganisha kila rika, ndipo mniletee jedwali. Nitalisoma hata saa ya chai.