Yale meno ya mbele si breki
Je, meno yaliyo kwenye ncha ya mbele ya chuma cha kiatu cha kuteleza kwenye barafu ni breki? Hapana, si ya kusimamia. Ni ya kurukia: miruko iitwayo lutz, flip na toe loop huanza kwa kuyakita kwenye barafu. Miruko mingine, yaani axel, salchow na loop, huondokea kwenye ukingo wa chuma. Kusimama ni kugeuza mguu na kukwangua barafu kwa ubavu wa chuma. Ukikita meno huku unakwenda mbele, utaanguka kifudifudi. Tazama viatu vya hoki ya barafu: havina meno kabisa, na wale jamaa husimama ghafla ajabu. Ila wakati wa kutua baada ya mruko, meno hugusa kidogo kwanza, kisha uzito unahamia nyuma.