Kuongeza chumba nyuma ya nyumba England: ruhusa si moja

Ukitaka kuongeza chumba nyuma ya nyumba yako England, elewa kwanza kwamba ruhusa si moja. Tanzania tumezoea kibali cha ujenzi: unapeleka ramani halmashauri, unapewa kibali, unaita fundi. Huku kuna ruhusa ya mipango miji, kuna kanuni za ujenzi, kuna sheria ya ukuta wa pamoja, na kila moja ina mlango wake. Nayaandika haya kwa sababu tumejenga chumba na choo cha chini kwa ajili ya mama, ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi, na ndugu wengi hapa Leicester wananiuliza tulianzia wapi.

Tulianza kwa kupima. Sheria ya England inakuruhusu kujenga nyongeza ya ghorofa moja nyuma ya nyumba bila kuomba ruhusa ya mipango miji, mradi usizidi mita 3 kutoka ukuta wa nyuma kama nyumba yako imeungana na nyingine, au mita 4 kama imesimama peke yake. Kimo kisizidi mita 4. Ukiwa ndani ya mita 2 kutoka mpaka wa jirani, ukingo wa paa usizidi mita 3. Shida iko kwenye mahali pa kuanzia kupima. Hupimi kutoka ukuta unaouona leo, unapima kutoka nyumba ya asili, yaani ilivyokuwa tarehe 1 Julai 1948, au ilivyojengwa mara ya kwanza kama ni mpya kuliko hapo. Mwenye nyumba aliyekutangulia akiwa alishasogeza jiko mita 2 nyuma, wewe wa nyumba iliyoungana umebakiwa na moja tu.

Haki hiyo haiwahusu wanaoishi kwenye fleti. Halmashauri pia inaweza kuiondoa katika mitaa fulani, na baadhi ya nyumba mpya zilijengwa kwa sharti la kutokuwa nayo. Uliza halmashauri yako kabla ya kumlipa mchoraji.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, hadi mita 6 kwa nyumba iliyoungana au 8 kwa iliyo peke yake, unapeleka taarifa halmashauri, majirani wanapewa siku 21 za kutoa pingamizi, na jibu hutoka ndani ya siku 42. Usichimbe kabla. Zaidi ya hapo ni ombi kamili, ambalo kwa kawaida huchukua wiki 8, na Aprili 2025 ada yake ilipandishwa hadi pauni 528.

Fundi wetu alituambia kazi kama yetu haihitaji karatasi yoyote. Kwa upande wa mipango miji alikuwa sahihi, lakini sikuridhika na neno la mdomo. Niliomba halmashauri cheti cha kuthibitisha kwamba ujenzi ni halali, ambacho ada yake ni nusu ya ile ya ombi kamili. Nakushauri ufanye hivyo hivyo. Siku ukiuza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi atakidai.

Sasa majirani, na hapa nawaomba msiharakishe. Sheria ya ukuta wa pamoja ya mwaka 1996 inakutaka umpe jirani taarifa ya maandishi: miezi 2 kabla ya kugusa ukuta mnaoshirikiana, au mwezi 1 kabla ya kuchimba msingi ulio ndani ya mita 3 kutoka jengo lake na unaokwenda chini kuliko msingi wake. Ana siku 14 za kujibu. Akinyamaza, sheria haisemi amekubali. Inahesabu kuna mgogoro, na wapimaji wa majengo wanaingia kuuamua, mara nyingi kwa gharama yako. Kwa hiyo sisi tulibisha hodi kwanza, ramani mkononi. Jirani yetu ni bibi wa Kigujarati, na hofu yake ilikuwa moja, mwanga wa jikoni kwake. Mchoraji akashusha paa upande wake. Barua rasmi ilipofika alishajua kila kilichomo, akasaini. Mama alipohamia, yeye ndiye alikuwa mgeni wake wa kwanza.

Ukipeleka ombi kamili na likakataliwa, soma sababu kwa utulivu. Halmashauri huangalia mambo kama mwanga na faragha ya majirani. Hofu ya jirani kwamba nyumba yake itashuka bei si hoja. Unaweza kubadilisha mchoro na kuomba upya, au kukata rufaa ndani ya wiki 12, na rufaa haina ada.

Kanuni za ujenzi ni habari nyingine kabisa, hata kama mipango miji haikuhusu. Mkaguzi huja kuona msingi kabla ya kumwaga zege, kisha mabomba, kisha kinga ya baridi. Kama bomba kuu la majitaka liko ndani ya mita 3, kampuni ya maji nayo lazima iridhie. Mwisho unapewa cheti cha kukamilisha, na malipo ya mwisho ya fundi yasubiri cheti hicho. Tuliandika sharti hilo kwenye mkataba tangu mwanzo, na fundi hakulalamika.

Walioko Glasgow, Cardiff au Belfast wasitumie vipimo vyangu. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao za mipango miji.