Kaskazi inavuma, mbona wavu unakwenda kaskazini?

SWALI: Tunavua kwa jarife nje ya mwamba. Msimu wa kaskazi upepo unatoka kaskazini, lakini nyavu zinachukuliwa kuelekea Mombasa. Jamaa yetu wa Lamu anashikilia kwamba kwao, msimu huo huo, maji yanashuka kusini. Nani mkweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Nyote wawili. Maji ya Tanga hayasukumwi na upepo wa Tanga peke yake. Katikati ya Bahari ya Hindi, kusini mwa ikweta, pepo za kusini mashariki husukuma maji magharibi mwaka mzima. Hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska, yakagonga Afrika karibu na Rasi Delgado, kiasi cha nyuzi 11 kusini, yakagawanyika: mengine Msumbiji, mengine kwenu. Kusi, upepo wa kusini, ikishika, Mei hadi Septemba, huyasukuma mgongoni na mkondo waweza kufika noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa). Kaskazi, Desemba hadi Machi, huyakabili. Yanapoa mwendo lakini hayageuki. Ndiyo maana wakati huo mawimbi ya nje huwa mafupi na ya wima: upepo na maji vinakinzana.

Mkondo wa Somalia ndio unaogeuka. Kaskazi ikivuma unashuka, unakutana na wenu kaskazini mwa pwani ya Kenya, kisha yote miwili inakunja kwenda mashariki, bahari kuu. Mpaka huo huhamahama. Jamaa yenu huwa upande wa pili.

Pimeni wenyewe. Jazeni dumu la lita 5 maji ya bahari, mbakishe hewa kidogo tu lisizame. Dumu tupu linapima upepo, si mkondo: upepo wa noti 20 huburuza maji ya juu kwa kama nusu noti tu. Lifuateni nusu saa kwa GPS ya simu. Mita 926 ni noti 1. Chagueni siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mpime mara moja yakijaa na mara moja yakipwa. Likienda upande uleule, jumlisheni mgawe kwa 2. Likirudi nyuma, toeni ndogo kwenye kubwa kwanza, ndipo mgawe.

SWALI: Kwa nini bahari ya Salalah, huku Dhofar kusini mwa Omani, ni baridi Agosti kuliko Mei? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Kusi ikishavuka ikweta hukunja, ikavuma sambamba na pwani ya Dhofar kuelekea kaskazini mashariki. Huko, mzunguko wa dunia hupeleka maji yanayoburuzwa na upepo mkono wa kulia, yaani mbali na nchi kavu. Ya juu yakiondoka, ya chini yanapanda, baridi na yenye chakula cha samaki. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake inakuwa ukungu wa kharifu, msimu wa kusi huko Dhofar. Tanga hamuoni hayo, kwa sababu kusini mwa ikweta maji huelekea kushoto, na kusi huyarundika pwani.