Vampaya wa siri siri kwenye larpu: siri yako wagawie wenzako

Mleta uzi umesema umealikwa na wenzako wa chuo huko Leeds kwenye larpu (mchezo wa kuigiza ambapo kila mtu anavaa na kuwa mhusika wake) ya Vampire: The Masquerade, unataka kucheza vampaya ambaye hakuna anayejua katokea wapi, na unaogopa utakaa pembeni usiku mzima bila mtu kukusemesha. Mkuu hofu yako ina msingi. Wengi wakisikia mhusika wa siri wanakimbilia koti refu jeusi na miwani ya giza, wanaegemea ukuta wanasubiri waulizwe, na hamna anayewauliza. Mi nacheza huku Ohio na kila msimu anatokea mmoja wa hivyo, ikifika saa nne usiku unamkuta nje anachati na simu.

Kwa wasioujua huu mchezo, kampuni ya White Wolf ya Marekani iliutoa mwaka 1991, ukiwa wa mezani wenye kete, afu 1993 wakaleta toleo la laivu ambalo kete hamna, mnavaa, mnasimama ukumbini mnaongea kama wahusika wenu na mkishindania jambo mnacheza jiwe-karatasi-mkasi. Kugusana marufuku, silaha marufuku, pombe marufuku. Mtu akikunja mikono kifuani maana yake haonekani, mnampita kama hayupo, siku ya kwanza utacheka tu.

Sasa kitu cha kwanza elewa kwamba sheria za mchezo wenyewe hazikuachi ujifiche. Vampaya wa Camarilla, yaani chama kikubwa cha vampaya kwenye mchezo, wana mila sita na mojawapo ni ya ukarimu, yaani ukiingia mji wa watu unaenda kujitambulisha kwa mtawala, cheo chake Prinsi. Kwa hiyo usiku wako wa kwanza utasimama mbele ya kila mtu utaje jina, ukoo, na pengine nani alikugeuza. Usipoenda utatafutwa na sherifu, askari wa Prinsi, na hapo huna wa kukutetea. Watu wanalalamika eti hii inaua siri, mi naona ni bahati ya bure, dakika mbili ukumbi mzima unakuangalia wewe, kipande cha kwanza cha siri unakidondosha hapo hapo.

Nakupa mfano wa mhusika wangu mwenyewe. Alikuwa wa ukoo wa Ventrue, hawa ndo wa suti na pesa na siasa, na laana ya ukoo wao ni kwamba kila mmoja anaweza kunywa damu ya aina moja tu ya binadamu, nyingine yote anaitapika. Kila Ventrue anaficha hiyo kitu kama namba ya siri ya benki maana adui akishajua unakula nani kashajua pa kukungojea. Nikakaa nikawaza nyumbani. Si mnajua enzi za mkoloni, Nairobi, Kampala, mpaka kwetu Tanganyika, watu waliamini kabisa wazimamoto wanakamata watu usiku wanawanyonya damu, na wengine humu mumiani tumetishiwa nao tukiwa watoto tulale mapema. Basi nikaigeuza. Mtu wangu alikuwa vampaya wa kweli kajificha kwenye kikosi cha zimamoto Nairobi miaka ya 1930, watu wa mtaani walimhisi na walihisi sawa, ila damu aliyokuwa anakunywa haikuwa ya wapita njia, ilikuwa ya wazimamoto wenzake. Mpaka leo hawezi nyingine. Na juu ya hapo, vampaya kwenye mchezo huu wakiona moto wanapata kichaa wanakimbia, huyu wangu kaishi na moto miaka yote hiyo, akiusikia anaufuata.

Hiyo ndo siri. Na siri ukiikalia peke yako haina kazi, utaenda nayo nyumbani ilivyo. Nilimwandikia msimulizi, yule anayeendesha mchezo, ukweli wote ukurasa mmoja (msimulizi usimfiche kitu hata siku moja, utamvurugia mambo yake), afu nikaomba tugawe vipande kwa wachezaji wengine kabla hatujaanza. Mmoja wa ukoo wa Nosferatu, wale wenye sura mbaya wanaoishi kwenye mitaro na kuuza habari, akapewa kwamba kila mji niliokaa kuna kituo cha zimamoto ambacho vijana walianza kuumwa umwa bila sababu. Dada mmoja anacheza Malkavian, hawa wana wazimu unaoona mambo, akaambiwa kila nikiingia chumbani anasikia kengele. Mwingine wa ukoo wa Brujah akapewa kwamba niliwahi kumtoa kwenye nyumba inayoungua na hajui kwa nini sikukimbia kama vampaya wengine wote. Hawa watatu hawajuani kama wana vipande. Mi nikikaa kimya wao ndo wanahangaika kuongea, na mada ni mimi! Yule wa Malkavian alikuwa anaziba masikio kila nikipita, watu wakaanza kumfuata kumuuliza ana nini, yaani nimepata umaarufu bila kufungua mdomo.

Ukiulizwa swali jibu. Jibu kweli, ila jibu kwa ubavuni. Harpi wa mji, yule anayesimamia heshima na umbea wa ukumbi, aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani nikiwa hai nikamwambia nilikuwa natangulia pale wenzangu wanapopakimbia. Akadhani nilikuwa mwanajeshi, akawatangazia wote kuwa ni mwanajeshi, nikamuacha. Ukidanganya moja kwa moja watu wakigundua wanahisi umewachezea, lakini ukisema kweli wakakosea wenyewe, siku wakijua wanarudi kukucheka na kukusifia.

Afu weka kitu cha kushikika. Mi nilikuwa na kifungo cha shaba kwenye mkono wa koti, kimoja, kisichofanana na vingine, nilikinunua duka la mitumba nikakisugua na majivu kiwe cheusi cheusi. Usiku mmoja nikakiacha mezani makusudi nikaenda kuongea na Prinsi. Kuna dada anacheza ukoo wa Toreador na wale wana uwezo wa kushika kitu wakaona historia yake, nilijua hatapita hapo bila kukigusa, na kweli kakiokota kamuita msimulizi. Nilishamuachia msimulizi kikaratasi kimekunjwa siku ile ya kwanza kabisa, akakitoa mfukoni akampa asome: usiku, uwanja wa mawe, gari jekundu, watu wanalikimbia gari badala ya kukimbia moto. Kasoma mara ya pili. Akanitazama toka upande wa pili wa ukumbi, akakifuta kile kifungo kwa kitambaa, akakirudisha pale pale mezani kama hajakigusa. Aisee nilisisimka mwili mzima na mi ndo niliyeandika kile kikaratasi.

Ilipofika wakajumlisha kengele na moto na kituo cha zimamoto, nikajulikana. Yule wa Nosferatu akanivuta pembeni akanitajia kituo ninachokula na mtaa wake. Sasa hapa ndo wengi wanaharibu, wanang'ang'ania kukataa au wanataka kumuua aliyejua. Vampaya wanaishi kwa madeni ya fadhila, kuanzia vifadhila vidogo mpaka deni la uhai, na Harpi ndo anayeweka hesabu. Nikamuomba anyamaze, akataka nibaki na deni kubwa kwake, nikakubali. Nimekuwa mtumwa wake msimu mzima, nabebeshwa kila kazi chafu, napiga kura za ajabu anazotaka yeye, wenzangu Ventrue wananishangaa nimelogwa na nini. Ni msimu nilioupenda kuliko yote. Maana sasa wengine wana fumbo jipya la kutafuta, kwa nini Ventrue mzima anamtumikia mtu wa kwenye mitaro.

Vitu vidogo vidogo tu kabla sijalala. Kama unawaza vampaya wa kuwafuatilia watu gizani achana naye, muulize mwenzako kwanza kama yuko sawa na tukio la kutisha, mtu akisema basi ni basi. Na kama wewe ni mweusi mwenzangu na mchezo unafanyika sehemu ya wazi usiku, usijifiche vichakani na koti refu eti unajenga uhusika, mpita njia hajui kama mnacheza na polisi hajui pia. Mi kazi zote za kujificha nazifanya ndani ya ukumbi, mikono kifuani inatosha.

Meno nunua yale ya plastiki ya kulainisha kwa maji ya moto unayatengenezea kwenye meno yako mwenyewe, ya kuvaa mdomo mzima yanadondoka na yanakutoa mate. Afu kaa nayo nyumbani jioni nzima unaongea, mana herufi s na z zinapotea, na jina la mhusika wako chagua lisilo na s nyingi utakuja kunishukuru mbele ya Prinsi. Hujasema umechagua ukoo gani, kama bado weka hapa ulichoandika mpaka sasa nikuangalizie wapi pa kukata vipande.